Kwaluguru na Kadi ya Wati 75

Msafiri atokaye Tanga kwenda Kwaluguru, katika wilaya ya Handeni, hupita Muheza na Hale hata afike Segera, ambapo barabara za Tanga, Moshi na Dar es Salaam hukutana. Na kama ana haja Korogwe, kama nilivyokuwa nayo mimi, huendelea mpaka mji huo ulio kando ya mto Pangani, halafu huelekea Handeni kwa barabara ya kilomita 65 ambayo siku hizi ina lami tangu mwanzo hata mwisho. Njia hii nimezoea kuipita kwa sababu za kawaida za jamaa, yaani arusi, misiba na kuwajulia hali wagonjwa, lakini safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa na sababu ambayo wazee wetu wasingeitambua: mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa huko, alitaka kununua kadi ya grafiki, nami nilitaka kuiona kompyuta yake kabla hajaitoa fedha yake mfukoni.

Kadi ya grafiki ni kile kibao chenye feni ambacho huchomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kufanya hesabu za picha, mamilioni kwa mamilioni katika kila sekunde, ili mchezaji wa mpira aliye katika kioo akimbie bila kukwama, au kama vijana wasemavyo, bila kustaki, na nyasi anazozikanyaga zionekane kuwa nyasi. Mpwa wangu ana kibanda cha gemu karibu na nyumba ya mama yake, na katika mapato ya kibanda hicho alikuwa amejiwekea akiba kwa subira ambayo watu wa makamo wangeweza kumwonea wivu.

"Shikamoo, mjomba," aliniambia kwa simu. "Hela ninayo, laki tatu na nusu. Nitajie jina la kadi tu, kesho niagize Kariakoo."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Jina nitakutajia nikishaliona kasha la kompyuta."

Nilikuwa na hoja. Watu wengi waulizao kadi ipi iliyo bora huuliza habari za kadi peke yake, ilhali kadi haifanyi kazi peke yake: hula umeme wa pawa saplai iliyo ndani ya kasha, hungoja kazi kutoka kwa prosesa, hupitisha habari zake katika tundu la bodi kuu, na picha yake huonekana katika kioo ambacho huenda hakina uwezo wa kuonyesha hata nusu ya kile ilichokichora. Achaguaye kadi kabla ya kuvijua vitu hivi vinne ni kama mwenye nyumba aalikaye wageni kabla ya kuhesabu vitanda. Na laki tatu na nusu, kwa kijana wa Kwaluguru, si fedha ya kufanyia majaribio. Zikipotea, kuzirudisha ni kazi ya miezi mingi, na mimi sikuwa radhi zipotee kwa kukosa nauli yangu ya basi.

Baada ya Muheza mashamba ya mkonge hutawala pande zote mbili za njia, safu kwa safu mpaka jicho lichoke, na hapo Hale pana kituo cha umeme wa maji ya Pangani kilichoanza kazi mwaka 1964, chenye uwezo wa megawati 21. Na chini yake, mto huo huo ukielekea baharini, pana kituo kikubwa zaidi cha megawati 68 kilichoanza mwaka 1995. Navitaja vituo hivi kwa sababu kipimo kile kile kitumiwacho kupimia mitambo ya Hale, yaani wati, ndicho ninachoamini kuwa kinastahili kutangulia vingine vyote katika shauri la kadi ya grafiki katika nchi yetu. Majarida ya Ulaya na Marekani hutanguliza bei, yakafuatisha idadi ya picha ambazo kadi huchora kwa sekunde, na wati huzitaja mwishoni kwa maneno machache, kwa kuwa mwandishi hudhani, tena kwa haki katika nchi yake, kwamba msomaji ana pawa saplai ya wati 600 aliyoinunua mpya dukani. Msomaji wa Korogwe au Handeni aghalabu ana kompyuta ya mtumba iliyomaliza utumishi wake katika ofisi fulani ya Uingereza au ya Dubai, iliyoundwa kwa ajili ya barua na mahesabu, na pawa saplai yake ilipimwa kwa kazi hizo na si zaidi. Shauri jema la mwandishi yule, likihamishwa neno kwa neno mpaka hapa, laweza kuiunguza kompyuta ya maskini.

Korogwe ni mji ulioneemeka kwa reli na mkonge. Gari moshi kutoka Tanga lilifika hapo mwaka 1902, na hata leo mji una tabia ya mahali pa kupumzikia na kununulia vitu kabla ya kuendelea na njia. Niliingia katika duka moja la kompyuta za mtumba, ambapo makasha ya Dell na HP yalikuwa yamepangwa mpaka darini, kila moja na karatasi yake ya bei, na fundi kijana, mwenye adabu na maarifa ya mikono, akanikaribisha kwa kiti.

"Mzee, chukua hii," alisema, akaitoa kadi katika mfuko wa nailoni. "RX 580, GB 8. Kwa bei hii hupati kitu kama hiki mji mzima."

Nikamwambia kasha huenda ni la ofisi, na pawa saplai yake huenda haina plagi ya kadi.

"Hiyo si shida, mzee. Tunaunga na adapta kutoka waya wa diski."

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu katika maneno haya machache ndimo hasara nyingi za vijana wetu zinamozaliwa. RX 580 ilitolewa na kampuni ya AMD mwezi wa Aprili 2017, na kwa insafu ni kadi njema. Kumbukumbu yake ya GB 8 ni kubwa hata kuliko ya kadi nyingine zilizozaliwa baada yake. Lakini kazi yake inataka wati 185. Tundu la bodi kuu, kwa kanuni iliyowekwa na waliolibuni, hutoa wati 75 na si zaidi. Zilizobaki sharti zije kwa waya wa pekee kutoka pawa saplai, wenye plagi ya pini sita iwezayo kuleta wati 75 nyingine, au ya pini nane iwezayo kuleta 150. Plagi ya waya wa diski, ile iitwayo SATA, haikuumbwa kwa mzigo huo: kwa umeme wa volti 12 uwezo wake halali ni wati 54. Kuunga plagi hiyo na kadi itakayovuta mara mbili yake ni kuutaka waya upate joto, na joto likizidi huyayusha plastiki, na plastiki iyeyukayo ndani ya kibanda cha mbao chenye watoto si jambo la kuzungumzwa kwa wepesi. Nilimweleza fundi haya kwa upole, naye alisikiliza. Nadhani hakuna mtu aliyepata kumkalisha na kumfanyia hesabu ile, maana alichukua kalamu akaiandika nyuma ya kitabu chake cha risiti.

Kisha nikamwomba aichomeke kadi ile katika mashine yake kubwa na kuifungua programu ya GPU-Z, ambayo hupatikana bure na huonyesha nasaba ya kadi bila kusikiliza maneno ya lebo. Mahali pa hesabu ya vichakataji vidogo palisomeka 2048. RX 580 ya asili ina 2304. Ile ilikuwa kadi ya daraja lililotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya soko la China kwa jina la RX 580 2048SP, ambayo kwa umbile lake la ndani ni RX 570. Si bandia, imetengenezwa kiwandani, lakini si kile ambacho mnunuzi wa Korogwe anadhani anakinunua. Fundi hakuwa mdanganyifu. Yeye naye aliuziwa hivyo, na aliyemuuzia huenda aliuziwa hivyo hivyo, na katika mnyororo mrefu kama huo jina husafiri vizuri kuliko ukweli.

Kwa nini kadi za namna hii zimejaa? Miaka michache iliyopita watu wa nchi nyingi walizinunua kwa maelfu ili wachimbe sarafu za kidijitali, hususan Ethereum, na bei zikapanda mpaka mchezaji wa kawaida akakata tamaa. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili utaratibu wake, ukaacha kabisa kuzihitaji kadi, na ghafula shehena kubwa ya kadi zilizofanya kazi usiku na mchana ikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Kadi iliyofanya kazi mfululizo katika joto lisilobadilika yaweza kuwa nzima kuliko iliyowashwa na kuzimwa kila siku. Kinachochakaa kwanza ni feni, na vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kumbukumbu. Lakini mnunuzi sharti ajue anunuacho, aisikilize feni, azitazame kingo za chuma kama zina kutu, na asikubali kuondoka dukani kabla kadi haijafanya kazi nzito mbele ya macho yake.

Hatari nyingine, nayo hii ni udanganyifu mtupu, ni kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani yake ili zijitaje kwa jina jipya. Kuna chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 ambayo imevikwa jina la GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na kuuzwa katika masoko ya dunia nzima. Kompyuta husadiki, Windows husadiki, na mnunuzi husadiki mpaka aufungue mchezo. GPU-Z huigundua na huiandika waziwazi kuwa bandia. Laiti kila duka la mtumba lingekuwa na programu hiyo juu ya meza, kama duka la nafaka liwavyo na mizani, tungeokoa fedha nyingi za watu wasio na fedha za kupoteza.

Sikununua kitu Korogwe. Niliagana vizuri na fundi nikapanda gari la Handeni.

Njia hupita katika nchi ya Wazigua, nchi ya vilima vifupi na mabonde mapana, mahindi na mihogo na ufuta, miembe na michungwa, na hapa na pale makundi ya ng'ombe wakivushwa barabara na wachungaji wa Kimasai. Handeni inajulikana tangu zamani kwa taabu ya maji. Bomba kubwa la kuyavuta maji ya Pangani lilijengwa katika miaka ya 1970, na miradi mingine ya kuongeza maji imefuata. Wakati wa kiangazi ardhi ile nyekundu huwa unga, na gari moja likipita vumbi husimama hewani kwa kitambo. Kutoka mjini Handeni nilichukua bodaboda mpaka Kwaluguru, na nilipofika shati langu jeupe lilikuwa na rangi ya matofali. Msomaji asidhani nimeacha mada: vumbi hili lina neno lake katika shauri la kadi, nami nitalifikia.

Dada yangu alinipokea kwa ugali na mlenda na samaki mkavu, na kabla sijanawa mikono alitaka kujua kama kweli kipo kitu cha laki tatu na nusu kisichoweza kuliwa wala kulimiwa. Nikamwambia tutazungumza nikishakiona kibanda.

Kibanda ni cha mbao na mabati, kimefagiliwa, kina benchi mbili, luninga moja ya inchi 32, mashine moja ya PlayStation ya zamani, na kompyuta ambayo mpwa wangu aliinunua kutoka kwa mtu wa Segera. Watoto hulipa kwa mechi. Alitaka kuihamisha biashara katika kompyuta kwa sababu moja iliyonigusa: katika kompyuta mashabiki huunda nyongeza za PES zenye timu za nyumbani, na watoto wa Kwaluguru wanataka kucheza kwa Simba, kwa Yanga, na, kwa kuwa wao ni watu wa mkoa wa Tanga, kwa Coastal Union. PES kwa jina hilo ilikoma na toleo la 2021, ikafuatwa na eFootball. Lakini matoleo ya zamani bado yanachezwa na kurekebishwa kwa mapenzi makubwa. Watu huwaza kuwa gemu ni upotevu wa wakati. Mimi nilipowaona watoto wale wakisubiri zamu bila ugomvi, wakihesabiana mabao kwa uadilifu, nilisadiki kwamba wanastahili picha isiyokwama kama anavyoistahili mtoto wa Dar es Salaam au wa London.

Tulilifungua kasha. Lilikuwa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, la umbo la mnara, na prosesa yake Core i5-3470 yenye viini vinne, kumbukumbu GB 8, na picha zake zikichorwa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo kwa mpira wa PES ya miaka ya karibuni ni dhaifu mno. Nilimshukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba kasha ni la mnara. Lingekuwa lile jembamba la kulalia chini ya kioo, kadi nyingi zisingeingia kwa urefu wake, na uchaguzi wetu ungebaki katika zile fupi tu. Kisha nikamulika kwa tochi ya simu lebo ya pawa saplai: wati 275, wala hapakuwa na plagi ya pini sita wala ya pini nane.

"Andika," nikamwambia mpwa wangu, na yeye akaandika katika daftari la mapato. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, wati 77. Bodi kuu, kumbukumbu, diski na feni, tuzikadirie 45 kwa pamoja. Jumla ni 122. Kadi isiyo na waya wa pekee haivuti zaidi ya 75. Tukijumlisha tunapata 197, na pawa saplai ya 275 hubaki na nafasi ya kupumua, jambo ambalo kwa pawa saplai ya umri ule ni sharti, si anasa. "Sasa weka RX 580 mahali pa kadi," nikamwambia. Akaweka 185, akapata 307, akalitazama daftari, na habari za RX 580 hazikusemwa tena katika nyumba ile.

Mizani ya pili ilikuwa kioo. Tulitafuta katika kitabu cha luninga tukaona kuwa ni ya pikseli 1366 kwa 768, yaani pikseli 1,049,088. Kioo kiitwacho Full HD kina 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600, karibu mara mbili. Na vile vya 4K vinavyosifiwa katika matangazo vina 8,294,400. Kadi hufanya hesabu kwa ajili ya kila pikseli, na hurudia hesabu hiyo mara 60 kwa sekunde ili mchezo uwe laini. Kwa hivyo kijana mwenye luninga ile anahitaji takriban nusu ya nguvu anayoihitaji mwenye Full HD, na kadi iitwayo dhaifu katika majarida ya mbali itamtosheleza, tena itabaki na akiba siku atakapopata kioo bora.

Na kadi iitwayo ya daraja la kati basi ni ipi? Mwezi wa Juni 2023 kampuni ya Nvidia ilitoa RTX 4060 kwa dola 299 na wakosoaji wakaiita kadi ya watu wa kati. Kwa shilingi za wakati ule hiyo ilikuwa laki saba na zaidi, kabla ya usafirishaji, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kabla ya faida ya wafanyabiashara walioishika njiani. Bei hiyo ni maradufu ya akiba yote ya mpwa wangu. Tena kadi hiyo, ijapokuwa hula wati 115 tu, ambazo kwa nguvu yake ni chache za kusifiwa, hutaka plagi ambayo kasha letu halina, na prosesa ya mwaka 2012 haiwezi kuipa kazi kwa kasi inayoimudu. Nusu ya thamani yake ingekaa bure. Mimi naliona daraja la kati kuwa ni pale ambapo kadi, prosesa, umeme na kioo vinakutana bila kimoja kukidhulumu kingine, na mahali hapo kila nyumba ina pake.

Zilibaki kadi za wati 75 na chini yake, na hapa majina huhitaji macho makali. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye GB 4, inapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na kwa mpira ingetosha. Lakini Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba inafunga ukurasa wa draiva mpya za michezo kwa kizazi chake, nami sikupenda kijana anunue kitu ambacho mwenyewe aliyekiumba ameanza kukiaga. RX 6400 ya AMD hula wati 53 tu, ambazo zilinivutia sana, ila huzungumza na bodi kuu kwa njia nne badala ya kumi na sita, na katika bodi za kizazi kile upungufu huo huipunguzia kasi kwa dhahiri. RTX 3050 ina kaka wawili wenye jina moja: wa GB 8, aliyetolewa mwaka 2022, hutaka wati 130 na plagi, wa GB 6, aliyetolewa mwezi wa Februari 2024, hutaka wati 70 na hahitaji plagi yoyote. Huyu wa pili ndiye ningemchagua kama fedha ingeruhusu, maana ana vichakataji 2304 na kumbukumbu ya kutosha kwa miaka ijayo, lakini bei tulizoulizia kwa simu zilikuwa zimeipita akiba yetu kwa mbali, na mpwa wangu alikataa kukopa. Sikumshawishi.

Tukaikubali GTX 1650, iliyotolewa mwezi wa Aprili 2019, yenye GB 4, vichakataji 896 na wati 75. Hata hiyo ina mitego yake: GTX 1650 Super ni kadi nyingine, hula wati 100 na hutaka plagi, na baadhi ya watengenezaji huiongezea GTX 1650 ya kawaida plagi ya pini sita ili waiharakishe. Tulimpigia muuzaji wa Kariakoo tuliyeelekezwa na rafiki, mpwa wangu akazungumza mwenyewe, nami nikakaa kando kwa makusudi nimsikie.

"Kaka, nataka GTX 1650 isiyo na plagi. Nitumie picha ya mgongo wake na ya ubavu wake. Halafu ichomeke, nifungulie GPU-Z, nirekodie video WhatsApp, isome 896. Halafu niachie jaribio linazunguka nusu saa nione joto."

Muuzaji alilalamika kidogo kwamba wateja wa mkoani siku hizi ni wasumbufu, kisha akafanya yote. Bei ilikuwa laki tatu na elfu kumi, na ahadi ya kuirudisha kadi ndani ya juma moja ikiandikwa katika risiti. Fedha ikaenda kwa simu, kadi ikaja kwa basi mpaka Segera, ikiwa imefungwa katika boksi la viatu na magazeti ya michezo, na elfu arobaini zilizobaki ndizo zilizoleta lile neno la vumbi.

Kwa maana kadi hupozwa kwa feni, na feni huvuta hewa, na hewa ya Kwaluguru wakati wa kiangazi ni nusu vumbi. Vumbi likijaa katika mapezi ya bati, joto hupanda, na kadi ikizidi nyuzi 80 na kitu huanza kujipunguzia kasi ili isiungue, hata mchezaji akadhani ameuziwa kadi mbovu. Mpwa wangu alitaka zile elfu arobaini zinunue taa za rangi za kupamba kasha. Tulizungumza kwa muda, mjomba na mpwa, na mwisho zikanunua stabilaiza ndogo, kwa kuwa jioni nguvu ya umeme hupanda na kushuka, na brashi ya kupakia rangi yenye nywele laini. Kasha likainuliwa kutoka sakafuni likawekwa juu ya kitako cha tofali, na kitambaa chepesi kikatundikwa mlangoni kwa kuzuia vumbi la njia. Siku ya kufunga kadi nilimwachia yeye bisibisi. Alizima, akachomoa waya wa ukutani, akagusa chuma cha kasha kuondoa umeme wa mwilini, akaisukuma kadi mpaka ukasikika ule mlio mdogo wa kufunga, na akauhamisha waya wa luninga kutoka tundu la zamani hadi la HDMI la kadi, jambo ambalo wengi hulisahau wakalaumu kadi isiyo na kosa.

PES ilisimama katika picha 60 kwa sekunde na haikutetereka. Joto lilifika nyuzi 68 mchana, likakaa hapo. Watoto walikuwa wamejaa mpaka nje. Coastal Union walifungwa na Simba mabao matatu kwa mawili, na aliyefungwa akadai marudio.

Dada yangu alisimama mlangoni akatazama mechi nzima, kisha akauliza swali ambalo katika mazungumzo yetu yote ya prosesa na pikseli hakuna aliyeliuliza.

"Kaka, na LUKU je? Mita ni moja, ya nyumba na ya kibanda."

Tukarudi katika daftari. Kompyuta ikicheza kwa nguvu, wati 200 kwa makisio ya juu, na luninga 50 juu yake: ni wati 250, yaani uniti moja kwa kila saa nne za mchezo. RX 580 ingeila uniti hiyo kwa saa mbili na dakika arobaini na tano hivi, hata kama pawa saplai ingeistahimili. Mpwa wangu alihesabu saa za kibanda kwa juma, kuanzia watoto watokapo shule hadi magharibi, na siku za Jumamosi na Jumapili tangu asubuhi, akapata uniti kama kumi. Akachora mstari mpya katika daftari la mapato, akaandika juu yake "LUKU ya mama", na fedha ya juma la kwanza akamkabidhi pale pale, kabla zamu nyingine haijaanza.

"Na hiyo ya pili uliyosema, mjomba, ya wati 70?" akaniuliza usiku ule tulipokuwa tukifunga kibanda.

Nikamwambia aiache mpaka mwaka ujao, na fedha ya kwanza itakayozidi ainunulie pawa saplai mpya ya wati 450, kwa kuwa kasha lake hupokea plagi ya kawaida ya pini 24, na ile iliyomo sasa imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2012.